Sura ya Saba: Jaribu Kabla ya Kung'oa

Jumanne ya tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft iliacha kuitunza Windows 10. Kompyuta hazikuzimika. Kesho yake ziliwaka kama kawaida katika saiba za Litein na Kapkatet, katika ofisi za shule kule Konoin, na mikononi mwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kabianga. Kilichokatika hakionekani kwa macho: yale marekebisho ya usalama yaliyokuwa yakiletwa kila mwezi bila malipo ili kuziba mianya ambayo wezi wa mtandaoni huipenyea. Mashine isiyopata marekebisho hayo huendelea kufanya kazi, lakini kila mwezi unaopita huiacha wazi zaidi.

Katika nchi ya chai, Oktoba ni mwezi wa bonasi. Mkulima anayepeleka majani kwenye kiwanda cha KTDA hupokea malipo yake makubwa ya mwaka wakati huo, na pesa hizo huwa zimeshapangiwa kazi kabla hazijaingia: karo, deni la mbolea, mabati ya nyumba. Mwaka huo familia nyingi zilikuwa na jambo jingine la kuongeza kwenye orodha, hata kama hazikulijua: laptopu ya nyumbani, tuifanyeje?

Swali hilo ni zito kwetu kwa sababu ya aina ya kompyuta tulizo nazo. Nyingi zilianza maisha katika ofisi za Ulaya, zikauzwa, zikasafirishwa, zikafika Nairobi, kisha zikapanda hadi Kericho na Bomet kwa bei ambayo mwalimu au mwenye saiba anaimudu. HP EliteBook 840 G3, Lenovo ThinkPad T460, Dell Latitude E7470: ni mashine imara, zilizoundwa kwa kazi ya kutwa. Ila prosesa zake ni za kizazi cha sita cha Intel. Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, inadai kizazi cha nane kwenda juu, isipokuwa prosesa chache, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kwa mtindo huo EliteBook ya G3 iko nje na ya G5 iko ndani, ingawa ukiziweka mezani pamoja hutaona sababu ya kuitupa mojawapo.

Mwenye mashine ya namna hiyo ana njia tatu. Anaweza kuongeza muda: Microsoft iliwawekea watumiaji wa kawaida mpango wa kupata marekebisho hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila pesa kwa anayekubali kuingia kwa akaunti ya Microsoft na kuhifadhi mipangilio yake kwao. Anaweza kununua mashine nyingine. Au anaweza kubakia na mashine ileile na kuibadilishia mfumo endeshi, aweke Linux, ambayo haiuzwi na haichagui kizazi cha prosesa kwa ukali huo. Njia ya tatu ndiyo rahisi kwa mfuko, na ndiyo inayoogopwa kuliko zote. Sura hii inahusu namna ya kuipima njia hiyo bila kuhatarisha chochote.

Woga wenye sababu

Anayeogopa kubadilisha mfumo endeshi mara nyingi huambiwa kwamba hajasoma, au kwamba anapenda mambo ya kale. Si kweli. Anaogopa kwa sababu ana kompyuta moja.

Tazama saiba yoyote ya mji mdogo kati ya Sotik na Kericho. Mashine iliyo kaunta, ile ya mwenyewe, ndiyo inayoandika barua za maombi ya kazi, ndiyo inayofungua eCitizen, ndiyo inayojaza marejesho ya KRA kabla ya tarehe 30 Juni, ndiyo inayosaidia vijana wa kidato cha nne kuchagua kozi za KUCCPS. Ndani yake mna vijitabu vya mazishi vya miaka mingi, kadi za harambee, mitihani ya majaribio ya shule tatu au nne, na picha za pasipoti za nusu ya mji. Ikilala siku mbili, mwenye saiba amepoteza mapato ya siku mbili, na wateja wamejua njia ya kwenda kwa jirani.

Sasa fikiria namna mfumo mpya unavyowekwa kwa kawaida. Fundi anakuja na flashi, anauliza kama umehifadhi faili zako, anafuta diski, anaweka mfumo mwingine. Ukigundua wiki inayofuata kwamba printa haielewani nao, au kwamba nyaraka za mteja zinafunguka zikiwa zimevurugika, ule wa zamani haupo tena. Na hapa kwetu kuna la ziada: nyanda hizi za chai ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, na mvua hiyo huja alasiri pamoja na radi. Stima ikipotea katikati ya kazi ya kuandika diski upya, kompyuta ya mezani inaweza kubaki haina mfumo wa zamani wala mpya. Wahenga walikwisha kusema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Dawa ya woga huo ni mashine pepe. Ni programu ya kawaida, inayowekwa kama programu nyingine yoyote, ambayo huigiza kompyuta nzima: prosesa, kumbukumbu, diski, kadi ya mtandao, hata ile skrini nyeusi ya kuwakia. Ndani ya kompyuta hiyo ya kuigizwa unaweka mfumo endeshi unaoutaka. Mfumo huo hufanya kazi kana kwamba haumo ndani ya mwingine. Unawaka, unafanya kazi, unaharibika, unafutwa, na Windows yako haiguswi. Mfumo ulio nje huitwa mwenyeji, ulio ndani huitwa mgeni, na mgeni hawezi kuandika kwenye diski ya mwenyeji isipokuwa pale mwenyeji alipomruhusu.

Teknolojia iliyozaliwa na uhaba

Ni rahisi kudhani kwamba mambo haya yalibuniwa kwa ajili ya matajiri wenye mashine za kuchezea. Historia yake inasema kinyume.

Katikati ya miaka ya 1960, kompyuta moja ilijaza chumba na kugharimu mali ya kampuni nzima. Wahandisi wa IBM katika kituo chao cha utafiti cha Cambridge, Massachusetts, walikuwa na mashine chache na watu wengi wenye kiu ya kuzitumia. Wakatunga programu iliyoigawa kompyuta moja ili kila mtumiaji aone kana kwamba ana yake peke yake. Toleo la kwanza lilianza kazi mwaka 1967, na mwaka 1972 IBM ikatangaza VM/370, ambayo kizazi chake kinaishi hadi leo katika kompyuta kubwa za mabenki. Kwa hiyo mashine pepe ya kwanza ilitungwa kwa sababu mashine halisi hazikutosha.

Kompyuta ndogo zilipoenea, wazo hilo lilisahauliwa kidogo: kila mtu alikuwa na yake, ya nini kugawa? Tena prosesa za Intel za wakati huo hazikuundwa kwa kazi hiyo. Kampuni ya VMware, iliyoanzishwa California mwaka 1998, ilipata njia ya kuzungukia kizuizi hicho kwa kutafsiri amri korofi papo hapo zikiwa njiani. Kisha Intel mwaka 2005, na AMD mwaka uliofuata, wakaongeza uwezo huo ndani ya prosesa zenyewe. Mwaka 2007 kampuni ya Kijerumani ya Innotek ikatoa VirtualBox, ambayo mtu yeyote angeweza kuichukua bila malipo. Sun Microsystems iliinunua Innotek mwaka 2008, na Oracle ikaimeza Sun mwaka 2010. VirtualBox ingali inatolewa bure, ukiacha kifurushi chake cha nyongeza ambacho biashara hutakiwa kulipia na ambacho hutakihitaji katika sura hii.

Afrika imo katika historia hii. Huduma ya Amazon ya kukodisha kompyuta kwa saa, EC2, iliyofunguliwa Agosti 2006 na kubadilisha namna dunia inavyoendesha tovuti zake, iliundwa na kikosi kilichofanya kazi Cape Town, na kinachokodishwa humo ni mashine pepe. Ubuntu, ile Linux iliyofungulia watu wengi mlango, ilitoka Oktoba 2004 kwa pesa na mpango wa Mark Shuttleworth, raia wa Afrika Kusini. Mwisho wa mwaka huohuo, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Kwa miaka ishirini na zaidi, kazi hii imekuwa yetu pia.

Mkulima wa chai hatahitaji kuelezwa sana hekima iliyomo. Mwaka 2011 watafiti wa chai wa Kericho waliwatolea wakulima chai ya zambarau, aina ya TRFK 306. Sifa zake zilikuwa nyingi, lakini mchai huchukua miaka kama mitatu kabla ya kuanza kuchumwa, na majani ya zambarau yanataka kiwanda kinachoyasindika peke yake. Yakichanganywa na ya kijani, bei ni ileile ya kijani. Mkulima makini hakung'oa michai iliyokuwa ikimlipia karo. Alipanda safu chache pembeni, akangoja, akahesabu kilo na shilingi, ndipo akaamua. Mashine pepe ni safu hizo chache, ila jibu lake huja ndani ya wiki.

Kuiwasha

Kwanza hakikisha prosesa imeruhusiwa kufanya kazi hii. Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua ukurasa wa Performance, tazama sehemu ya CPU. Kuna neno Virtualization, na mbele yake Enabled au Disabled. Kwenye laptopu nyingi zilizotoka ofisini utakuta uwezo huu umezimwa. Zima mashine, iwashe ukibonyeza F10 kama ni HP, F2 kama ni Dell, F1 kama ni ThinkPad, utafute mstari unaotaja Virtualization Technology, uuwashe, uhifadhi. Wengi huishia hapa wakidhani kompyuta yao haiwezi, kumbe ni swichi moja tu.

Pili, tazama kumbukumbu. Mwenyeji na mgeni wanagawana RAM ileile. Ukiwa na gigabaiti 8, mpe mgeni 4 na wote wawili watapumua. Ukiwa na 4 tu, utaona kila kitu kikijikokota na utaulaumu mfumo mpya kwa kosa lisilo lake. EliteBook 840 G3 ina nafasi mbili za RAM, na mara nyingi moja ni tupu. Kuijaza ni gharama inayolipa hata kama hatimaye utabaki na Windows. Usipoweza kuongeza, ruka hadi sehemu ya flashi iliyo mbele.

Tatu, pakua mfumo wenyewe. Kwa mtu anayetoka Windows 10, napendekeza Linux Mint, kwa kuwa menyu yake iko pale mkono ulipozoea kwenda. Toleo la 22, lililotoka Julai 2024, limejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na litatunzwa hadi mwaka 2029. Faili yake ni karibu gigabaiti 3. Si bando dogo, lakini unalilipia mara moja tu: leseni inakuruhusu kuinakili faili hiyo na kumgawia yeyote. Mwalimu mmoja akiipakua, chumba kizima cha walimu kinaipata kwa flashi. Kila anayeipokea ailinganishe na nambari ya uhakiki iliyo kwenye tovuti ya Mint, kwa amri ya certutil iliyomo ndani ya Windows, maana faili iliyopita mikono mingi inaweza kuwa imeharibika au kuchezewa.

Kisha pakua VirtualBox na uiweke kwenye Windows, uifungue, uunde mashine mpya, uielekeze kwenye faili hiyo ya Mint, uipe prosesa mbili na diski ya gigabaiti 25. Gigabaiti hizo hazichukuliwi papo hapo. Diski ya mgeni ni faili moja tu ndani ya Windows, na huongezeka kadiri mgeni anavyoandika.

Iwashe, na baada ya muda utafika kwenye ukurasa ambao huwatoa watu jasho. Umeandikwa kwa Kiingereza: "Erase disk and install Linux Mint". Futa diski. Chini yake kuna onyo kwamba kila kitu kitapotea, na kitufe cha kuendelea. Vidole husita hapo, na ni haki visite, kwa sababu kwenye mashine halisi sentensi hiyo ni ya kweli kabisa. Soma ukubwa wa diski unaotajwa. Ni ile ya gigabaiti 25 uliyoiunda dakika kumi zilizopita. Mgeni haoni nyingine. Bonyeza. Kinachofutwa ni faili tupu, na vijitabu vya mazishi viko salama mahali pake.

Mfumo ukishawekwa, kabla hujagusa kitu, chukua snapshoti: VirtualBox inahifadhi hali nzima ya mgeni ilivyo wakati huo. Kuanzia hapo una ruhusa ya kuharibu. Badilisha mipangilio usiyoielewa, weka programu usizozijua, andika amri ulizosoma mahali. Ikivurugika, rudisha snapshoti na mashine inakuwa kama ilivyokuwa. Wengi wetu tulijifunza kompyuta kwa kuogopa kuigusa, kwa kuwa ilikuwa ya ofisi au ya shule. Hapa unajifunza kwa kuigusa.

Ijaribu kwa kazi yako

Watu wengi hukosea katika hatua hii. Wanafungua mfumo mpya, wanasifu picha ya nyuma, wanatazama video moja, wanafunga. Hilo si jaribio. Mfumo endeshi unapimwa kwa kazi unayoifanya Jumatatu asubuhi.

Anza na yanayotumia kivinjari. eCitizen, iTax, KUCCPS, HELB, barua pepe: yote haya huishi kwenye intaneti, na Firefox ndani ya Linux huyafungua kama Firefox ndani ya Windows. Kwa wengi hiyo ni zaidi ya nusu ya kazi, na wanashangaa kuona jinsi mfumo endeshi ulivyo na nafasi ndogo humo.

Kisha nenda kwenye magumu. Fomu za KRA za Excel, zile zenye kitufe cha kuhakiki, hubeba programu ndogo ndani yake zilizoandikwa kwa ajili ya Excel. Usimwamini anayekwambia zitafanya kazi kwenye LibreOffice, wala anayekwambia hazitafanya. Jaza ya majaribio, bonyeza kitufe, uone kama faili ya zip inatoka.

Na kuna suala la Publisher, ambalo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Saiba zetu zimejengwa juu yake: kijitabu cha mazishi chenye picha ya marehemu na wasifu wake, kadi ya harambee, cheti cha ubatizo, vyote ni faili za Publisher. Microsoft imetangaza kwamba programu hiyo inafikia mwisho wake Oktoba 2026, kwa hiyo mwenye saiba anahitaji mpango hata kama hataki kuisikia Linux. LibreOffice Draw huzifungua faili hizo. Chukua kijitabu cha mwaka jana, kifungue ndani ya mashine pepe, ukikague ukurasa kwa ukurasa. Je, picha imebaki mahali pake? Fonti imebadilika? Mstari wa mwisho wa wasifu umesukumwa ukurasa wa pili? Familia iliyofiwa haitakubali kuambiwa kwamba tatizo ni programu. Kipime leo, wakati hakuna anayengoja kaunta.

Ukigundua kwamba kazi zote zinakubali isipokuwa moja, usikate tamaa upesi. Mgeni na mwenyeji wanaweza kubadilishana nafasi. Wapo wanaotumia Linux kila siku na kuiweka Windows ndani ya mashine pepe kwa ajili ya ile programu moja ya hesabu za chama. Mwambie mgeni huyo asiguse intaneti, na uzee wake hautakudhuru sana.

Yasiyopimika humo

Mashine pepe ina mpaka, na asiyeujua atadanganyika. Inajaribu mfumo. Haijaribu mashine yako.

Kadi ya mtandao anayoiona mgeni ni ya kuigizwa, kadi ya Intel ya zamani ambayo kila mfumo unaifahamu. Unaweza kuwa umeunganishwa kwa Wi-Fi ya jirani au kwa simu, na mgeni atasema yuko kwenye waya. Kwa hiyo intaneti kufanya kazi ndani ya mashine pepe hakuthibitishi chochote kuhusu kadi yako halisi ya Wi-Fi. Hali kadhalika sauti, kamera, kulala na kuamka kwa laptopu, na muda ambao betri itadumu. Michoro nayo huwa mizito humo kuliko itakavyokuwa nje, kwa hiyo usiupime wepesi wa mfumo kwa wepesi wa mgeni.

Kwa hayo kuna hatua ya pili: flashi. Andika faili ileile ya Mint kwenye flashi kwa programu kama Rufus, uwashe laptopu kutoka kwenye flashi hiyo, uchague kuujaribu mfumo bila kuuweka. Sasa Linux inashika mashine halisi, na diski bado haijaguswa. Unganisha Wi-Fi. Piga picha kwa kamera. Chomeka printa ya duka, uchapishe ukurasa wa rangi na ukurasa wa maandishi. Funga kifuniko, ukifungue. Mashine pepe imekujibu kuhusu kazi; flashi inakujibu kuhusu vifaa. Anayepita hatua zote mbili, kisha akanakili faili zake kwenye diski ya nje, amebakiza hatari ndogo sana.

Uamuzi ni wako

Jibu linaweza kuwa hapana. Shule ambayo mfumo wake wa karo unaishi ndani ya Windows, na aliyeuandika haonekani tena, pengine itafanya vyema kutafuta mashine ya kizazi cha nane na kuhamisha kazi taratibu. Saiba inaweza kuamua kuhamisha mashine za wateja kwenye Mint na kuacha ile ya kaunta kwanza. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Bomet anayesomea programu anaweza kuhama wiki hii na asitazame nyuma. Majibu haya yote ni sahihi, mradi yametokana na kupima.

Kisicho sawa ni kuamuliwa: kampuni iliyo mbali ikuamulie kwamba mashine yako imezeeka, au fundi akuamulie kwa kukufutia diski, au woga ukuamulie uendelee na mfumo usiolindwa huku wateja wakiandika nywila zao humo kila siku. Watu wa mashine nyingi wanaweza kukosea kwenye moja na kuendelea na nyingine. Mwenye kompyuta moja hana anasa hiyo, na ndiyo maana chombo hiki kinamfaa yeye kuliko wao. Prosesa anayo tayari, programu ni bure, na faili ya Mint iko kwenye flashi ya mtu fulani mjini. Kama haipo, awe yeye wa kwanza kuileta.